Jinsi ya Kuwakinga Wafanyakazi wa Saiti na Jua Kali, Hatua kwa Hatua

Karibuni tena, watazamaji. Video ya leo ni ya manyapara, maforemani na yeyote anayewapeleka watu kufanya kazi juani, iwe ni kumwaga zege, kuchimba mtaro au kuvuna shamba. Nitazungumzia joto tu. Vumbi, nyoka na radi vina somo lake.

Hatua ya kwanza, kabla hujagusa ndoo wala turubai: chukua orodha ya watu wako, weka alama kwa kila mgeni. Mgeni ni aliyeanza kazi wiki hii, lakini pia ni yule mzoefu aliyerudi leo baada ya kuugua au kwenda likizo wiki nzima. Hawa ndio wanaoanguka. OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, inasema vifo vya joto kwenye kazi za nje, asilimia 50 hadi 70, hutokea siku chache za mwanzo. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea: kutoa jasho mapema, kulitoa kwa wingi, na kutopoteza chumvi nyingi nalo. Ukikaa nje ya joto wiki moja, mazoea hayo yanaanza kupungua.

Sasa mpangie. Mgeni kabisa, siku ya kwanza akae juani asilimia 20 tu ya zamu, kisha umwongezee asilimia 20 kila siku. Kwa zamu ya saa 8, siku ya kwanza ni kama saa moja na nusu juani. Muda uliobaki apange vifaa kivulini. Mzoefu anayerudi mwanzishe na asilimia 50, kesho yake 60, siku ya tatu 80, ya nne afanye zamu nzima. Najua mtasema kazi italala. Hailali, inapangwa upya. Na nimeitanguliza hatua hii kwa makusudi, maana maji kila msimamizi anayakumbuka. Hili wengi hawalikumbuki.

Hatua ya pili, maji. Itazameni ndoo hii: ina mfuniko, ina bomba chini, na kila kikombe kina jina la mwenyewe. Halafu tazameni ilipokaa: hatua chache tu kutoka kwa anayechanganya zege. Ukiiweka getini, mtu atasema "nikimaliza hiki nitaenda", na hataenda. Kiasi ni kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, awe na kiu asiwe nayo. Mpe mtu mmoja filimbi, akipuliza wote wanywe. Lakini maji nayo yana kikomo: yasizidi lita moja na nusu kwa saa, kwani yakipita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu, na hiyo ni hatari nyingine. Watu wakitoka jasho kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, wapatieni pia kinywaji chenye chumvichumvi. Pombe, hapana. Vile vya kuongeza nguvu, pia hapana.

Hatua ya tatu, kivuli. Tandaza turubai juu, acha pande wazi upepo upite. Kontena la chuma lililokaa juani si kivuli, ni oveni. Na kumbukeni, joto linalotangazwa kwenye utabiri hupimwa kivulini. Kwa aliye juani, joto analolihisi linaweza kuzidi kwa nyuzi 8 hivi. Kazi nzito ianze alfajiri. Nguo ziwe pana, nyepesi, za mikono mirefu.

Hatua ya nne, wapange wawili wawili. Aliyezidiwa na joto mara nyingi hajitambui, ndiyo maana kumuuliza "uko sawa?" hakutoshi, atakujibu yuko sawa. Mwenzake aangalie vitu vidogo: mcheshi amenyamaza ghafla, fundi anaukosa msumari uleule mara kwa mara. Kichwa kikimuuma, akiwa na kichefuchefu au kizunguzungu, huo ni uchovu wa joto. Mpeleke kivulini, mvue buti na soksi, mloweshe, mpe maji kidogo kidogo, na asiachwe peke yake hata kwenda chooni.

Hatua ya tano, na hapa naomba utulivu. Akianza kuongea yasiyoeleweka, akipepesuka, akizirai au kupata degedege, chukulieni ni kiharusi cha joto: mwili umepita nyuzi 40 na dakika zinahesabika. Wengine husubiri ngozi iwe kavu ndipo waamini. Msisubiri, mtu aliyekuwa anafanya kazi anaweza kuwa bado anatiririka jasho.

Mmoja apige simu ya dharura. Wengine mpozeni hapohapo. Kupoza ndiko kunatangulia, gari linafuata. Angalieni tunavyofanya: tumemlaza mwenzetu juu ya turubai, watu wanne wameshika pembe na kuziinua liwe kama beseni, wa tano anamwaga maji ya barafu, wa sita ameshika kichwa kisizame. Barafu ikikosekana, maji yoyote ya baridi yanafaa, mengi na bila kukoma, huku mkimpepea. Mlengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, maji yataingia mapafuni. Dawa za kushusha homa msimpe, joto hili si homa na hazitalishusha.

Wakati huo mtu mmoja awe barabarani kuipokea ambulensi, kwa sababu saiti nyingi hazina kibao wala njia inayoeleweka. Na mgonjwa akizinduka na kusema amepona, msiache kumpoza, wala asiguse kazi tena mpaka daktari aruhusu.