Mwanga Unapotelea Njiani: Taa za Mbele za Gari la Zamani

Hamjambo wazee wetu, kina mama, ndugu mafundi wa jua kali, na nyinyi madereva mlioacha magari hapo nje. Ahsanteni kwa kufika Kisumu jioni hii.

Mada ni kuboresha taa za mbele za gari la zamani, na najua wengi mmekuja na swali moja tu: ninunue balbu gani? Swali hilo tutalifikia, lakini si sasa. Balbu ndiyo kitu cha mwisho kubadilisha, ingawa dukani ndiyo ya kwanza kuuzwa.

Mnajua barabara zetu. Upande wa Muhoroni na Chemelil unakutana na trekta la miwa lisilo na taa hata moja nyuma. Ukipanda Timboroa, au ukishuka Mau Summit kuelekea Nakuru, ukungu unakulaki. Bodaboda wengine hutembea gizani kana kwamba wana macho ya paka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dimu, yaani taa ya chini, ikimulika mita 40 tu mbele yako, una chini ya sekunde mbili za kuona, kuamua na kusimama. Hazitoshi.

Sasa tutazame hii taa hapa mezani. Ni ya balbu ya halojeni aina ya H4, yenye nyuzi mbili: dimu wati 55, na fulu, ile ya juu, wati 60. Magari mengi ya zamani ya Kijapani yanatumia hii. Halojeni ina tabia moja ambayo kila fundi anapaswa kuijua: mwanga wake haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Kwa makadirio, mwanga hufuata volti ikipandishwa kipeo cha 3.4. Punguza volti kwa asilimia 10, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Betri ikiwa na volti 13.8 injini ikinguruma, na balbu ikapata 12.0, umebaki na kama asilimia 62 ya mwanga uliostahili. Zaidi ya theluthi imepotelea ndani ya waya, na mwenye gari anaenda kununua balbu mpya.

Kupima hakuhitaji mashine kubwa. Chukua malitimita ya kawaida, kile kipima umeme, iweke kwenye volti za DC. Washa injini, washa dimu. Usichomoe plagi ya balbu, kwa sababu bila mkondo kupita, hata waya ulioliwa na kutu utaonyesha volti kamili na utadanganyika. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Pima kutoka nyuma ya plagi ikiwa imechomekwa. Ncha nyekundu iweke kwenye tamino chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoingiza moto kwenye balbu. Namba unayoiona ndiyo volti zilizopotea kwenda. Kisha ncha moja iweke kwenye waya wa athi wa balbu, yaani unaorudisha mkondo kwenye betri, nyingine kwenye tamino hasi ya betri. Hizo ndizo zilizopotea kurudi. Jumlisha. Zikiwa chini ya nusu volti, waya zako ni nzima. Kwa gari la miaka 25 usishangae kukuta volti 1.5 au 2.

Zinapotelea wapi? Anza na athi, kwa sababu ni ya bure. Ule waya mweusi umefungwa kwa skurubu kwenye bodi karibu na taa, mahali panaporushiwa maji na matope kila siku. Fungua, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza upya, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Angalia pia waya mnene unaotoka kwenye betri hadi bodi na injini. Kuna magari yaliyorudishiwa mwanga kwa kazi hii peke yake, kazi ya robo saa.

Upande wa kwenda ndiko kwenye shida ya asili. Katika magari mengi ya zamani, mkondo wote wa taa unapita kwenye swichi ya usukani. Fikiria safari yake: unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya gari, unapita kwenye swichi yenye visahani vidogo vya shaba vilivyoungua, unatoka tena kupitia plagi kadhaa, ndipo ufike kwenye taa. Dimu mbili ni wati 110, karibu ampea 8. Kwa waya mwembamba wa mita nne au tano uliochoka, lazima utozwe kodi. Ukishika swichi yako ya taa baada ya nusu saa ukaikuta ya moto, basi ujue hiyo kodi inalipwa hapo.

Dawa yake ni relei, swichi inayowashwa kwa umeme. Relei inafanya swichi ya zamani itoe amri tu, ampea 0.2 hivi, na mkondo mzito uende moja kwa moja kutoka betri hadi taa kwa njia fupi.

Vifaa: relei mbili za volti 12, ampea 30 au 40, zenye miguu minne, pamoja na soketi zake. Fyuzi mbili za ampea 15 zenye vifuniko visivyoingiza maji. Soketi mbili za H4, na ukipata za kauri chukua, kwa kuwa za plastiki huyeyuka. Waya wa gari wa milimita za mraba 2.5, mita nne nyekundu za moto na mita mbili nyeusi za athi. Waya mwembamba wa milimita ya mraba 1 kwa ajili ya amri. Tamino za kubana, na ule mpira unaonywea ukipashwa moto. Tafadhali, si waya wa nyumba! Ule wa shaba moja ngumu hukatika kwa mtetemo, na barabara zetu za vumbi hazina huruma. Na waya wa spika uache kwa redio.

Kwanza chomoa hasi ya betri. Funga relei mbili karibu na betri, miguu ikiangalia chini ili maji yasikae ndani. Kutoka chanya ya betri toa waya mbili, kila mmoja na fyuzi yake, na fyuzi isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 20. Waya ukikwaruzika kabla ya fyuzi hakuna kitu cha kuuokoa, utaungua wote. Waya hizo ziingie mguu wa 30 wa kila relei. Mguu wa 87 wa relei ya kwanza uende dimu za taa zote mbili. Wa 87 wa relei ya pili uende fulu za zote mbili. Kwa mpango huu fyuzi ya dimu ikikata, fulu bado ipo, hutabaki gizani kabisa. Athi ya kila balbu ipeleke kwenye chuma kisafi, tena kwa waya wa 2.5, si mwembamba.

Amri unaipata kwenye plagi ya zamani ya taa moja. Nyingine izibe vizuri na uifunge pembeni. Waya wa dimu wa zamani uingie mguu wa 86 wa relei ya kwanza, wa fulu uingie 86 ya pili. Miguu ya 85 yote miwili iende athi. Soma mchoro uliochorwa ubavuni mwa relei yako, maana nyingine zina dayodi ndani, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hizo ukizigeuza 85 na 86 utakata fyuzi.

Hapa wenye Toyota wasikilize. Toyota nyingi za miaka ya 80 na 90 hazikati moto, zinakata athi. Waya wa pamoja kwenye plagi una moto taa zikiwashwa, na swichi inaunganisha dimu au fulu na athi. Fundi asiyejua atafunga relei kama nilivyosema na hakuna kitakachowaka, kisha atalaumu relei. Kwa hiyo pima plagi kabla ya kukata waya wowote. Ukikuta moto kwenye waya wa pamoja, upeleke huo kwenye 86 za relei zote mbili. Halafu waya wa dimu uende 85 ya relei ya kwanza, wa fulu 85 ya pili. Upande wa 30 na 87 haubadiliki hata kidogo.

Maungio bana kwa koleo ya kubania, vuta kwa nguvu uone kama yanashika, ndipo uvike mpira. Kusokota waya kwa vidole na kuzungusha tepu nyeusi si kuunganisha, ni kuahirisha.

Sasa balbu. Baada ya relei, weka H4 ya kawaida ya 60/55, na usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaacha doa linalopata joto kuliko sehemu nyingine, na balbu inakufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Zile za 100/90 zinazouzwa rejareja ziacheni. Joto lake linaunguza rangi ya fedha ya reflekta, lile bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele, na kuyeyusha plagi, na taa ikishaungua ndani hakuna kuitengeneza. Zile za kioo cha buluu nazo ni ujanja wa macho: rangi hiyo ni chujio, inazuia mwanga uliokwisha kutengenezwa.

LED? Naona mikono. Reflekta ya H4 imechorwa kuzunguka uzi mwembamba ulio mahali maalumu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokata mwanga usipande. Balbu ya LED ina vipande vya mwanga pande mbili na unene katikati. Vikikosa mahali pa uzi hata kwa milimita moja, mpangilio wote unavurugika. Utaona weupe mkali mbele ya bampa, jicho lako litazoea huo weupe, na mbali utaona vibaya kuliko jana. Anayekuja mbele yako ndiye anayeumia zaidi. Nyingi zina feni ndogo kwa nyuma, na vumbi letu pamoja na wale wadudu wa ziwani vikiizima, LED inapata joto na kufifia. Taa nzima iliyoundwa kuwa ya LED tangu kiwandani ni jambo tofauti. Mwenye Land Rover au Suzuki ndogo ya taa za duara za inchi 7 anaweza kununua taa nzima, ya H4 au ya LED, na inaingia mahali pa ile ya zamani iliyozibwa pamoja na balbu yake. Ila hakikisha ni ya nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Ukisimama mbele ya taa yenye alama ya E ndani ya duara, tafuta mshale unaoelekea kulia kwako. Isiyo na mshale ni ya nchi za kuendesha kulia, na kwetu itapandisha mwanga machoni mwa anayekuja.

Lenzi za plastiki zilizogeuka manjano: dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache tu, kwa sababu haiachi kinga dhidi ya jua. Ziba rangi ya gari pembeni, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukibadilisha mwelekeo kila namba ili uone mikwaruzo ya awali imeisha. Osha, kausha, pulizia klia, ile rangi angavu, yenye hadina ya kuikausha iwe ngumu, ile wanayotumia wapulizia rangi wa magari, ukiwa umevaa barakoa. Lenzi ya kioo haihitaji haya. Na ndani usifute reflekta kwa kitambaa hata ikionekana ina vumbi, ile fedha inabanduka.

Limebaki kulenga, na bila hilo kazi yote ya leo ni bure. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawe na upepo sawa, dereva akae kitini. Mita 5 kutoka ukutani, weka alama kwa chaki penye urefu wa katikati ya kila taa. Mstari wa juu wa dimu uangukie sentimita 5 chini ya alama hiyo, na upande wa kushoto upande kidogo kumulika ukingo wa barabara. Skurubu moja ni ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Kwa matatu na gari la mizigo, lenga likiwa na mzigo wa kawaida, kwa kuwa nyuma ikilala taa hutazama mbinguni.

Giza limeshaingia, na ukuta wa nyuma ya jengo ni mweupe. Twendeni nje. Gari la kwanza lisogee, nani ana chaki?