Una vidonda vya tumbo halafu unaomba sindano ya diklo?

ZUHURA: Haya, leo ni zamu ya dawa ya maumivu, diklofenaki, diklo. Baraka we ndo mfamasia, mtu mgongo umemkaza akameza diklo, kapona huyo?

BARAKA: Kapata nafuu tu dada. Mwili ukiumia unatengeneza prostaglandini, hizo ndo zinaleta uvimbe na maumivu, sasa diklo inazuia vimeng'enya vinavyozitengeneza. Kwa jino, hedhi, goti lililovimba, inasaidia kweli, ila chanzo kiko palepale.

ZUHURA: Na tumbo? Si unakula kwanza ndo unameza, yameisha?

BARAKA: Hapo ndo watu wanajidanganya! Kula kunapunguza kichefuchefu, sawa, lakini prostaglandini hizohizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi, na dawa ikishaingia kwenye damu inazipunguza hadi huko tumboni, uwe umemeza, umechomwa sindano ya tako, umeweka ile ya njia ya haja kubwa, yote mamoja.

ZUHURA: Weee! Kwa hiyo wale wa "mi nina vidonda, nichomeni tu sindano"...

BARAKA: Hawajakwepa kitu. Na choo kikitoka cheusi tii, kinanata kama lami, hiyo ni damu, usisubiri kukuche, nenda hospitali.

ZUHURA: Mzee wa presha je?

BARAKA: Huyo namwogopea zaidi. Figo nazo zinazitegemea prostaglandini hizohizo ili damu ipite vizuri, sasa mtu yuko kwenye enalaprili, dawa ya presha, ana na ile ya kukojosha, anaongezea diklo juu yake, figo zinaweza kugoma, na presha nayo inapanda. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema kabisa mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asipewe.

ZUHURA: Wajawazito?

BARAKA: Kuanzia wiki ya 20 asiiguse bila daktari, na miezi mitatu ya mwisho hapana kabisa, kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaweza kufunga kabla hajazaliwa.

ZUHURA: Sasa asiye na shida hizo zote anywe ngapi?

BARAKA: Mtu mzima miligramu 50 mara mbili au tatu, isizidi 150 kwa siku, na ziwe siku chache. Halafu jamani, diklo na ibuprofeni ni ukoo mmoja, ukimeza zote hujaongeza nafuu ya maana, umeongeza madhara. Kama ni goti tu mi nakupa jeli, inayofika kwenye damu ni kidogo sana, ila usipake penye kidonda.

ZUHURA: Kuna meseji hapa, mtu ana homa, anahisi ni dengi, mwili wote unauma, ameze diklo?

BARAKA: Hapana hapana! Dengi yenyewe inaweza kukuvujisha damu. Paracetamoli, maji mengi, akapime.

ZUHURA: Umesikia ndugu yangu, rudisha hiyo diklo kabatini. Meseji nyingine hii...