Mimea na Watu wa Andes: Ujuzi Uliomo Katika Kazi

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wageni waalikwa, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mimea inayotumiwa na jamii za vijijini katika milima ya Andes, kule Peru, Bolivia na Ekuado. Mada hii mara nyingi huishia kuwa orodha: huu unatibu tumbo, ule unatibu kikohozi. Leo sitawapa orodha. Ninayo hoja moja tu. Mmea huwa chakula, dawa au hata daraja kwa sababu ya kazi ya watu wanaoujua, wanaoifanya kwa msimu wake na kwa utaratibu wake. Ukiubeba mmea ukamwacha mwenye ujuzi, umebeba nusu.

Tuanze na kiazi. Viazi mviringo tunavyolima Njombe, Mbeya na Nyandarua asili yake ni Andes, na huko kuna aina kwa maelfu. Ukifika zaidi ya mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi huua mazao mengi, na viazi vinavyostahimili ni vile vichungu. Uchungu huo ni sumu. Ukivichemsha tu ukala, utaumwa. Sisi tuliokulia kwenye mihogo michungu jambo hili halitushangazi. Basi Wakechua na Waaymara, wenyeji wa milima hiyo, husubiri Juni na Julai, miezi ambayo usiku maji huganda na mchana jua huwaka vikali. Viazi hutandazwa nje juu ya nyasi, vikalala na kuganda. Asubuhi barafu inapoanza kuyeyuka, watu wa nyumba nzima huvikanyaga kwa miguu mitupu, taratibu, maji yatoke na maganda yaachie. Usiku vinaganda tena, kesho vinakanyagwa tena, hivyo hivyo siku kadhaa, kisha vinaachwa vikauke juani. Kinachopatikana ni kitu cheusi, kigumu, chepesi mkononi, kiitwacho chuño. Wanaotaka cheupe, yaani tunta, huviloweka viazi vilivyoganda wiki kadhaa katika maji yanayotiririka kabla ya kuvikausha, nayo sumu huchukuliwa na maji.

Chuño hukaa ghalani miaka bila kuharibika. Haikutumika chumvi, haikutumika kuni. Baridi ileile inayoua mazao ndiyo inayotengeneza akiba ya mwaka wa njaa. Mimi naliona hili kuwa miongoni mwa mavumbuzi makubwa ya chakula duniani, na linasikitisha kwamba wanafunzi wetu wa kilimo humaliza masomo bila kulisikia.

Viazi visivyokaushwa huhifadhiwa pamoja na matawi ya muña, kichaka cha jamii ya mnanaa. Harufu yake hufukuza fukuzi na nondo wa viazi, na huchelewesha viazi kuchipua. Muña huohuo hutiwa kwenye supu, na chai yake hunywewa tumbo linapochafuka. Ndiyo maana sipendi kuigawa mimea hii, ya chakula huku na ya dawa kule. Mama anayeichuma hana mgawanyo huo.

Kuhusu koka, mmea unaotoa kokeini, nitasema kwa kifupi, maana wengi mnaijua kwa ubaya wake tu. Jani la koka hutafunwa pamoja na kidonge cha majivu, mara nyingi majivu ya mabua ya kinoa, nafaka ya huko Andes, kwa sababu majivu hayo ndiyo yanayokitoa kilichomo ndani ya jani. Hupunguza uchovu, njaa na kichwa kuuma kunakoletwa na hewa nyepesi ya milimani. Majani matatu mazima hushikwa pamoja, yakapulizwa kuelekea milimani kama dua kabla ya kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliliweka jani hilo kundi moja na kokeini, ukataka utafunaji ukomeshwe ndani ya miaka 25. Bolivia ilijitoa katika mkataba huo, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti kwamba utafunaji wa koka ni halali nchini mwake. Nadhani walikuwa na haki.

Nimesema daraja. Juu ya mto Apurímac, katika mkoa wa Cusco nchini Peru, kuna daraja la Q'eswachaka, lenye urefu wa karibu mita 28, na lote ni nyasi. Kila Juni jamii nne za wilaya ya Quehue hulijenga upya. Kila kaya huleta kamba nyembamba iliyoisokota yenyewe; kamba hizo husukwa kuwa nene, na zile nene husukwa tena mpaka zipatikane za kubeba watu. La zamani hukatwa likaangukia mtoni. Mwaka 2020 janga la korona lilizuia kazi hiyo, na Machi 2021 daraja likaanguka. Nyasi zilikuwepo mlimani muda wote. Mwaka huohuo, watu walipoweza kukusanyika tena, walilijenga.

Sasa nije kwenye mti unaotuhusu moja kwa moja, mkwinini. Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, walijifunza matumizi ya gome lake kwa wenyeji wa Andes katika karne ya 17, na mwaka 1820 wanakemia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, wakatenga kwinini yenyewe. Wazungu wakautafuta mti huo kwa udi na uvumba, lakini mbegu nyingi walizopata zilizaa miti yenye kwinini kidogo. Aliyejua mti upi una nguvu ni Mwaymara mmoja wa Bolivia, Manuel Incra Mamani. Alimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Ilimchukua Mamani miaka kupata mbegu nzuri, kwa kuwa baridi iliharibu maua. Mwaka 1865 mbegu hizo zilifika London, Waholanzi wakanunua kidogo, wakapanda katika kisiwa cha Java, koloni lao, na hatimaye Java ikashika karibu soko lote la kwinini duniani. Aina hiyo ya mti ilipewa jina la Ledger. Mamani alikamatwa nchini mwake kwa kutafuta mbegu, akapigwa, akafa mwaka 1871.

Wajerumani waliupanda mkwinini Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zilipozuiwa, magome ya Amani yaliwapatia askari wao dawa. Wabelgiji waliupanda Kivu, ambako unavunwa hadi leo. Ni wangapi humu ndani waliotibiwa malaria kwa kwinini? Jina la Mamani mmelisikia wapi kabla ya leo?

Haipaswi kuwa hivyo siku zote. Jamii sita za Wakechua karibu na Pisac, katika mkoa uleule wa Cusco, ziliunganisha ardhi zao kuwa Hifadhi ya Viazi. Mwaka 2004 zilisaini mkataba na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, ambacho kilikuwa kimehifadhi viazi vilivyochukuliwa vijijini. Kituo kikarudisha aina zaidi ya 400, vikiwa vimesafishwa virusi, na mkataba ukatambua haki za jamii hizo juu ya viazi vyao. Wakulima wakavipanda miinuko mbalimbali, waone kila kimoja kinapenda wapi, kwa kuwa joto limeongezeka na vilivyostawi chini zamani sasa vinataka kupandishwa juu.

Niishie hapo, tupate muda wa maswali. Asanteni sana.