Pua Ikiziba na Mafua Hayapo

Hamjambo ndugu zangu, nyinyi wa viti vya magurudumu na nyinyi mnaowatunza.

Baridi hii ya Julai, nusu ya Nairobi ina mafua. Kwa hiyo aliyevunjika shingo akisema pua imeziba, nyumbani anaambiwa ajifunike. Lakini pua yake imeziba tangu ajali, na kamasi hamna.

Mishipa ya damu puani hubanwa na neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila mtu kukusudia, ili isivimbe. Amri ya ubongo kwa neva hizo hupitia shingoni. Uti wa mgongo ukiumia hapo, amri haifiki. Mishipa inalegea, inajaa damu, njia ya hewa inakuwa nyembamba. Dalili hii ina jina la Ludwig Guttmann, daktari aliyeanzisha kituo cha Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944.

Shida kubwa ni usiku. Akilala chali, kiwambo cha kifua, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko akikaa, ila pua ndiyo inazidi kujaa. Anahema kwa mdomo, anakoroma, pumzi inakatika. Kesho yake anasinzia mchana kutwa, nanyi mnamwita mvivu! Mlazeni ubavu, msafisheni pua kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, na huko kukoroma mwambieni daktari. Dawa ya kupuliza ikizoeleka, pua huziba zaidi. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hupandisha presha, msijinunulie.

Sasa hili nisikilizeni vizuri. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, pua ikiziba ghafla, kichwa kikigonga, uso ukiwa mwekundu au moto na jasho likimtoka usoni, hiyo ni presha inapanda. Chanzo kiko chini ya mahali uti ulipoumia, mara nyingi kwenye kibofu. Mkalisheni wima, mlegezeni nguo, kisha fuateni mpira wa mkojo kwa vidole kutoka kwenye mfuko hadi mwilini. Umejikunja chini ya paja? Mfuko umejaa? Mpira ukiwa sawa, fikirieni choo kigumu, kidonda, hata ukucha uliozama nyamani.

Asipotulia, hospitali papo hapo. Na wa zamu mwambieni presha yake ya kila siku, maana wengi walioumia hivi, namba ya juu ya presha yao hukaa kwenye 90 au 100. Muuguzi akiona 140 anaweza kuwaambia mkae foleni. Msikae.