Dozi hazitoshi, ndui ipo kijijini: daktari Foege alifanyaje?

Jamani tuanze, mliosimama huko nyuma viti vipo huku mbele. Leo naongelea William Foege, daktari wa Marekani, na nimemchagua kwa sababu wengi wenu mnaosomea udaktari mnaona kazi ya chanjo ni sindano na friji basi.

Desemba 1966 yupo mashariki mwa Nigeria, maeneo ya Ogoja, ndui imelipuka. Mpango wa enzi hizo ulikuwa uchanje umati mzima, asilimia 80 na zaidi, ndo ugonjwa ukatike. Sasa dozi alizonazo hazitoshi. Jioni akaingia kwenye redio za mawasiliano ambazo wamisionari waliongeleana, kila mmoja akaombwa atume watu vijijini wakaulize nani ana vipele, na haikuchukua muda wakajua ugonjwa upo wapi na wapi haupo. Wakachanja waliowazunguka wagonjwa, halafu wakakaa na ramani wakajiuliza, huu ukitoka hapa unaenda wapi, watu wanauza na kununua soko gani, ndugu zao wapo kijiji gani, dozi zilizobaki zikatangulia huko. Mlipuko ukazimika na watu wengi wa eneo lile hawajachanjwa kabisa!

Hapo kwenye soko naomba mkae napo, maana mimi naona ndo kazi yote ilipo. Ujanani Foege alizima moto wa misitu, na moto wa msitu humwagii maji msitu mzima, unafyeka mbele yake ukose cha kuunguza. Na ndui ilikubali hilo, haikai kwa mnyama, mgonjwa unamuona kwa macho, na toka mtu aambukizwe mpaka aumwe ni kama wiki mbili, kwahiyo aliyekutana na mgonjwa ukimchanja ndani ya siku tatu nne bado unamuwahi. Surua msiibebe hivyo hivyo, ile inaambukiza kabla vipele havijatoka, unakuja kumjua mgonjwa keshaambukiza darasa zima.

Baadae akaenda India kwenye mlipuko mkubwa wa 1974, timu zikapita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, na mgonjwa wa mwisho kule alipatikana Mei 1975. Akaongoza CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuanzia 1977 hadi 1983, halafu nguvu zake akazipeleka kwenye chanjo za watoto duniani.

Oktoba 1977, Merca, Somalia, akaugua Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Alipanda gari lenye wagonjwa kwa dakika chache tu akiwaonyesha njia. Alipona, na miaka mingi baadae akawa anazunguka kwao kwenye kampeni za polio, anakaa na wazazi wanaosita anawaambia mimi sindano niliiogopa, na anawasimulia kilichompata.