Sahani nyekundu ya Pennsylvania: tazama mgongo kwanza

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo mkononi nina sahani ya pai, kazi ya wafinyanzi wa Pennsylvania, Marekani, wenye asili ya Kijerumani, karne ya 19. Ndani inang'aa kama imelowa. Ngoja niigeuze: mgongo mkavu, udongo mtupu, umeshika masizi ya jiko la mkate.

Udongo huu ndio ule wa matofali, umejaa chuma, ndiyo maana ukichomwa huwa mwekundu. Tanuru la kuni liliufikisha kwenye nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, na kwa joto hilo vitundu havizibi. Mtungi wetu wa maji hupoza kwa sababu hiyo hiyo. Ila maziwa au mafuta yakipenya kwenye vitundu hivyo, huchacha na chombo kikanuka. Kwa hiyo ndani hupakwa glezi, tabaka la kioo. Oksidi ya risasi, yaani unga utokanao na metali ya risasi yenye sumu, ilisagwa kwa jiwe pamoja na mchanga na maji hadi ikawa kama maziwa mazito. Mchanga peke yake hauyeyuki kwa nyuzi hizo. Risasi ndiyo inayouyeyusha. Na kwa kuwa ilinunuliwa kwa fedha, mgongo uliachwa hivyo hivyo.

Sasa sogeeni muone mistari hii ya njano. Ni udongo mweupe, glezi ndiyo imeutia unjano. Ulitiririshwa kutoka kikombe chenye mirija ya manyoya ya bata bukini, sahani ikiwa bado bapa kama chapati. Kisha ukapigwapigwa mpaka ukazama, maana ukibaki umevimba kisu cha pai huubandua. Baada ya hapo ndipo chapati ililazwa juu ya kalibu iliyobinuka, na ukingo ukapitishiwa kigurudumu cha meno. Udongo huo mweupe usiposinyaa sawa na mwekundu, hubanduka wenyewe.

Jamani, msile humu. Siki, achari na matunda machachu huitoa risasi kwenye glezi, na glezi isiyoiva vizuri huitoa zaidi. Gazeti moja la Philadelphia lilionya tangu 1785! Kuosha hakuondoi sumu hiyo. Wala msiiloweke: maji hupenya mgongoni, na yakikauka chumvi iliyomo husukuma glezi ikamenyeka. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha itundikeni ukutani.