Karatasi mpya, dumu la zamani

Ndugu zangu, tunapohakiki karatasi za usalama za kemikali, tuanze na stoo, maana faili linaweza kudanganya lakini rafu haidanganyi. Ingieni na karatasi tupu, msome lebo moja baada ya nyingine, mwandike jina la bidhaa, mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kisha ndipo mrudi kwenye faili kuitafutia kila chupa karatasi yake ya taarifa za usalama, ile SDS ambayo wengi bado tunaiita MSDS. Ukianza na faili, utahakiki kemikali zenye karatasi tu. Ile isiyo nayo, ambayo ndiyo shida yenyewe, hutaiona.

SDS ina vipengele 16 kwa mpangilio usiobadilika. Chanzo chake ni mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali lebo, GHS, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003 na ambao hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Nchi haziufuati kwa mwendo mmoja. Marekani ilirekebisha kanuni yake Mei 2024, ikijikita zaidi kwenye toleo la 7. Umoja wa Ulaya uliacha kukubali muundo wa zamani wa karatasi kuanzia mwisho wa mwaka 2022. Kwa hiyo bidhaa moja inaweza kuja na karatasi mbili tofauti na zote zikawa sahihi, kila moja kwao. Mnayoihitaji ni ile iliyoandikwa kwa kanuni za mahali kemikali inapotumika. Kipengele cha 15, cha sheria na kanuni, kitawaonyesha, na cha 1 pia, chenye mawasiliano ya muuzaji: namba ya dharura inayopokelewa saa za kazi tu, tena za nchi nyingine, haiwafai watu wa zamu ya usiku.

Sasa, kwa nini karatasi zinapitwa na wakati hata kwa wale wanaojitahidi? Ulaya, muuzaji analazimika kuwatumia karatasi iliyorekebishwa wale aliowauzia ndani ya miezi 12 iliyopita. Marekani, karatasi mpya huja na mzigo wa kwanza baada ya marekebisho. Pigeni hesabu wenyewe: dumu lililonunuliwa miaka mitatu iliyopita, linalotumika mara mbili kwa mwaka, halimo katika utaratibu wowote kati ya hiyo miwili. Kemikali inayotoka haraka hujisasisha yenyewe. Ya pembeni, yenye vumbi, ni lazima mwiombee karatasi ninyi. Na mkiipata msidanganywe na tarehe ya kuchapishwa, maana mifumo mingine huibadilisha kila unapopakua. Angalieni tarehe ya marekebisho na namba ya toleo.

Hapa wengi hukosea: wanatoa ya zamani, wanaweka mpya, wanafunga faili. Ziwekeni zote mbili mezani, muanze na vipengele vya 2 (hatari), 3 (viambato) na 8 (vifaa vya kinga). Chukulieni sabuni ya viwandani yenye kiambato kinachoharibu macho. Kikiwa asilimia 2, kwa kanuni ya jumla ya mchanganyiko hupewa msimbo wa hatari H319, kuwasha macho: neno ni Onyo, na alama ni ile ya mshangao. Mtengenezaji akikiongeza kufika asilimia 3, inakuwa H318, madhara makubwa kwa macho: neno ni Hatari, na alama ni ya kimiminika kinachounguza mkono na chuma. Jina ni lile lile, rangi na harufu vile vile. Lakini miwani iliyo wazi pembeni haitoshi tena, na mahali inapomiminwa panahitaji kifaa cha kuoshea macho karibu, chenye maji ya kutosha dakika 15 mfululizo.

Kipengele cha 8 kikisema tu “vaa glavu zinazofaa”, kirudisheni kwa muuzaji. Maneno hayo hayamkingi mtu. Mnataka aina ya mpira, unene, na muda ambao kemikali huchukua kupenya. Asetoni hupita kwenye glavu nyembamba za naitrili ndani ya dakika chache. Glavu za butili, aina nyingine ya mpira, huizuia kwa saa nyingi. Fundi hataona tundu lolote.

Uainishaji ukibadilika, shukeni hadi kwenye chupa ndogo. Chupa ya kupulizia iliyojazwa kutoka kwenye dumu huachwa na lebo ya zamani, au haina kabisa. Marekani inasamehe chombo cha kuhamishia kisiwe na lebo tu pale aliyekijaza anapokitumia mwenyewe katika zamu hiyo hiyo. Akikiacha mezani kwa mwenzake, msamaha umekwisha. Dawa ya klorini isiyo na lebo ikikutana na kisafishio cha asidi hutoa gesi ya klorini, kwa hiyo kipengele cha 10, kinachotaja kemikali zisizopaswa kukutana, kisomwe pamoja na mpangilio wa rafu.

Karatasi ziwe mahali mfanyakazi anapofika katika zamu yake bila kuomba ruhusa. Kompyuta inakubalika, ila nywila isiwe ya meneja peke yake, na umeme ukikatika pawe na njia nyingine.

Zile mlizozitoa msizichane. Ulaya hudai taarifa hizo zitunzwe angalau miaka 10 baada ya matumizi ya mwisho. Marekani hudai miaka 30, ama karatasi yenyewe au kumbukumbu ya kemikali ilikuwa ipi, ilitumika wapi na lini. Zipigeni mhuri “imeondolewa”, mwandike tarehe, na muziweke kwenye faili la peke yake, mbali na linalotumika.